Sigara Nimeacha, Mguu Haujaamini

Jumatatu, 28 Oktoba

Kidole kidogo cha mguu wangu wa kulia kimekuwa cheusi kama mbegu ya papai. Kilianza kwa baridi, kukafuata kuuma, na mimi nikalaumu kiatu. Leo Yvonne, daktari wa kliniki iliyo nyuma ya soko la mji wetu wa Wote, amenivua soksi, akaubonyeza mguu huku na huku, kisha akauliza navuta sigara tangu lini. Nikamwambia tangu nilipojua kunyoa ndevu. Akasema mishipa midogo ya damu inajifunga kwa sababu hiyo. Ugonjwa wenyewe una jina la Kizungu ambalo sitaliandika kwa kuwa siliwezi.

"Fundi, hapa hakuna kupunguza," aliniambia. "Ni zero. Hiyo nikotini ikiingia kwa mlango wowote, kidole kitaenda, halafu mguu wenyewe chini ya goti."

Nikauliza kuhusu zile plasta za kubandika mkononi, maana binamu yangu wa Kibwezi aliacha kwa plasta. Akasema plasta zina nikotini ndani. Wengine zinawafaa, mimi hapana. Ameniandikia vidonge. Havina nikotini, ila vinakwenda kukaa kichwani mahali pale pale nikotini inapopenda kukaa, hivyo hata ukivuta husikii utamu. Wiki ya kwanza unameza huku bado unavuta, halafu unaacha. Nilicheka, kwa sababu nimewashonea maharusi wenye masharti magumu kuliko hayo.

Mguu huu ndio unaokanyaga cherehani. Shule zikifunguliwa Januari, nusu ya watoto wa mji huu watakuwa ndani ya sare zangu. Nimemwambia mke wangu Kanyiva kwamba mimi Mutie sishindwi na karatasi iliyofungiwa majani. Yeye hakucheka. Alikishika kile kidole muda mrefu akakipulizia pumzi, kama anayewasha moto.

Jioni mkono wangu umezoea kushika kitu. Nimeupa kalamu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimemeza kidonge juu ya chai ya rangi nikidhani chai ni chakula. Nikatapika nyuma ya duka, mbele ya mwalimu aliyekuja kuchukua suti. Yvonne alisema mara mbili: baada ya kula, na maji glasi nzima. Kumbe hakurudia kwa kupenda kuongea.

Jumapili, 3 Novemba

Ndoto za vidonge hivi si za nchi hii. Nimeota nashona gauni la bibi harusi lisiloisha, likatoka mlangoni, likapita sokoni, likashika barabara ya Machakos. Niliamka nimechoka kama niliyelipwa kwa kazi hiyo.

Jumanne, 5 Novemba

Leo ndiyo siku yenyewe. Asubuhi nilivuta moja ya kuaga na haikuwa na ladha yoyote, nikahisi navuta kamba ya gunia. Nikaizima kabla ya nusu. Kiilu, jirani yangu anayeuza sigara moja moja kwenye kibanda chake, alinitazama akasema nitarudi kabla ya saa sita. Saa sita ilifika nikiwa nakata kola. Nikampigia mluzi.

Jumatano, 6 Novemba

Nimegombana na mkasi.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua imefika. Imepiga mabati mpaka mchungaji akaacha kuhubiri, tukaimba tu. Watu wote kanisani walikuwa wakiwaza ndengu na mbaazi. Mimi nilikuwa nawaza sigara, lakini niliimba kwa sauti kuliko wao.

Jumamosi, 16 Novemba

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mama yangu Syokau, ambaye sisi kwetu humwita Mwaitu, alisikia habari za mguu akatuma neno kwamba niende kijijini Matiliku auone kwa macho yake. Nimemkuta shambani ameinama anapanda ndengu, na umri wake ule, akanikemea kwa kuchelewa kabla ya kunisalimia.

Alinikalisha kwenye kigoda, akaweka mbaki yake chini ya mdomo kama kawaida, akaanza kukikagua kidole. Mbaki ndio ugoro wetu. Sijawahi kumwona Mwaitu bila kikopo chake, na kanisani hakuna anayemsema, kwa sababu wanaosemwa ni wavuta sigara. Nilimweleza kwamba sigara nimeacha kwa vidonge vya hospitali. Alifurahi, ila vidonge vyenyewe alivitazama kwa dharau. Akasema kidonge kinaingia tumboni na kidonda kiko mguuni, sasa vitakutana wapi?

Akaingia jikoni, akarudi na dawa yake ndani ya kikopo: samli, majivu, magome, na vitu vyake vingine. Dawa hiyo imeponya kwato za mbuzi na magoti ya watoto wake wote saba. Alinipaka, akanifunga kitambaa, akanipa kikopo nirudi nacho nikajipake kila jioni. Maumivu yalitulia nikiwa bado kwenye kigoda. Mwaitu ni Mwaitu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nashona sketi za shule mpaka macho yanauma. Embe za mwaka huu zina utamu wa ajabu, au ni mimi. Kanyiva anasema embe ni zile zile, ni ulimi wangu ndio uliofunguliwa kutoka jela. Kidole hakiumi sana. Nikimaliza kazi najipaka dawa ya Mwaitu, nameza kidonge changu, nalala na tiba zote mbili, ya mama na ya daktari.

Jumatatu, 2 Desemba

Yvonne amefungua kitambaa akauinamia mguu. Weusi umepanda, umeshika kidole cha pili pembeni. Alisafisha mguu kwa maji ya dawa, akausugua mpaka kitambaa kikatoka safi, halafu akavuta kiti karibu. Habari za dawa ya Mwaitu hakuuliza, nami sikuzitaja.

"Fundi, niambie ukweli na sitakugombeza. Unavuta?"

Nikasema sivuti. Akaniuliza tena kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kidole. Nikaapa kwa Biblia iliyokuwa juu ya meza yake. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikia mteja akisema kitambaa kimepungua baada ya kufuliwa. Kisha akaandika barua ya kwenda Machakos, kwa daktari wa upasuaji, tarehe tisa Januari. Huyo ndiye atakayeamua kama ni kidole au ni chini ya goti.

Nimetembea kurudi dukani kwenye matope. Nimeacha kitu ambacho wanaume wengi wa soko hili wameshindwa kukiacha, na hakuna anayeniamini, hata mguu wangu mwenyewe.

Alhamisi, 5 Desemba

Kanyiva amenusa blanketi. Alilishika pembe akalileta usoni pake mara mbili, halafu akalikunja polepole, na mimi najua mikono yake inafanya nini ikiwa na hasira. Alisema blanketi linanuka tumbaku. Nikasema labda ni dawa ya Mwaitu, ina magome. Akasema yeye ameolewa na mvuta sigara miaka kumi na sita, hawezi kufundishwa tofauti ya magome na tumbaku.

Baadaye nilimwona akizungumza na Kiilu. Kiilu alitikisa kichwa: hajaniuzia hata moja. Basi Kanyiva akaamua nanunua kwingine.

"Baba Ndunge, mguu ukikatwa nitakubeba mgongoni," aliniambia tukiwa tunakula. "Lakini usinidanganye. Uongo siwezi kuubeba."

Nilisukuma sahani nikatoka nje. Niliumia sana, na ninaandika hivyo hivyo bila kupamba: niliumia. Mara ya kwanza maishani nilitamani sigara si kwa hamu bali kwa hasira, ili angalau nigombezwe kwa haki. Kibanda cha Kiilu kilikuwa wazi. Nilisimama mbele yake, nikanunua kiberiti cha jikoni, nikarudi.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua. Tumeongea habari za mvua.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua. Sare za wasichana zimeisha, za wavulana bado. Kidole cha pili kimeanza kupoteza hisia.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na mimi nilikuwa wa kwanza kufungua duka. Nilisimama mlangoni nikanusa udongo. Haikuwa harufu ya mbali kama siku zote. Ilikuwa imenijaa kichwani, na nyuma yake nikasikia mandazi ya mama wa kona, na mafuta ya mashine, na hata chaki yangu ya kuchorea, ambayo sikujua kwamba ina harufu. Nilicheka peke yangu. Yvonne aliniambia pua ya mvutaji hurudi, nikadhani ni maneno ya kutia moyo. Nikaanza kunusa kila kitu dukani, mtu mzima mimi, nikaokota vitambaa na uzi na pasi.

Kitu cha mwisho kilikuwa kikopo cha Mwaitu. Kitambaa cha mguu kilikuwa kimelowa matope, nikataka kukibadilisha. Nilifungua kifuniko. Kwanza ilikuja samli, halafu moshi wa majivu, halafu uchungu wa magome. Na chini kabisa, pale pale inapotoka nguvu ya dawa yenyewe, mbaki. Si kidogo. Mbaki ya kuwatosha wazee wa ukoo mzima.

Niliketi. Nilikumbuka Yvonne akisema mlango wowote. Kumbe kila jioni nilikuwa nafunga mlango wa mdomo na kufungua mlango wa kidonda, tena kwa mkono wangu, tena nikimshukuru Mungu.

Sikufunga hata duka. Nilikwenda kliniki na kiatu kimoja na kandambili moja, nikaweka kikopo juu ya meza ya Yvonne bila salamu. Alinusa. Akaniangalia. Akanusa tena. Kisha akafungua bomba akauosha mguu wangu yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akichukua muda. Alieleza kwamba nikotini hupita kwenye ngozi, na kwenye kidonda hupita kwa urahisi zaidi, na kwamba uchafu wa dawa ile nao umechangia kidonda kuoza. Nikauliza mbona maumivu yalikuwa yanatulia. Akasema tumbaku inajua kubembeleza.

"Nilikukosea, fundi," alisema. "Uliniambia ukweli nikakuangalia kama mwongo."

Nikamwambia amwambie hivyo mke wangu. Nilidhani natania. Yvonne alivua koti lake jeupe, tukaandamana hadi dukani, akamweleza Kanyiva mbele ya marundo ya kaptura. Kanyiva alisikiliza mpaka mwisho. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alichukua kitambaa cha mguu akakitia motoni nyuma ya duka, akasimama akikiangalia mpaka kikaisha, halafu akaja akaegemea bega langu na wateja wanaona.

Jumapili, 15 Desemba

Sasa nani atamwambia Mwaitu? Kanyiva alisema mimi. Ndugu zangu kwa simu wakasema mimi. Kumwambia mama kwamba dawa yake ndiyo sumu si kazi ya mtu mwenye mguu mmoja na nusu, lakini nimekwenda.

Nilimkuta anapepeta mbaazi. Nilizunguka maneno, nikaanza na mvua, nikapita kwenye bei za ndengu, mwisho nikauliza kama katika ile dawa aliweka mbaki. Akasema ndiyo, tena nyingi, kwani ndiyo inayoua uchungu. Nikamwambia basi mbaki ni tumbaku, na tumbaku ndiyo inayokata mguu wangu.

"Lakini wewe ulisema sigara," alisema Mwaitu. "Hukusema mbaki."

Alikuwa na haki. Kwetu sigara ni dhambi na mbaki ni heshima. Mzee akikupa mbaki amekupa mkono wake, na akina mama hutibia nayo jino, jicho la ng'ombe, na kidonda. Hata mimi nilisikia neno nikotini kliniki nikaona pakiti ya sigara, sikuona kikopo cha mama yangu.

Aliweka ungo chini. Akauliza kama mguu utakatwa. Nikasema wataamua mwezi ujao. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake kwamba yeye ndiye aliyeula mguu wa mwanawe. Nilimshika mikono nikamwambia kwamba mguu nilianza kuula mimi mwenyewe, yeye alionja tu. Hakucheka. Tulilia wote wawili, mimi na Mwaitu, na mbaazi zikakanyagwa na kuku.

Kabla ya kuondoka nilimwomba aniombee baraka kwa safari ya Machakos, kama mzazi anavyombariki mwana: achukue maji mdomoni, anipulizie kifuani, anitamkie mema. Alifunika mdomo kwa kiganja. Akasema mdomo huu una mbaki tangu kabla hajanizaa, na yeye hatanitemea tena kitu kile kile kinachoniua. Nikamwambia baraka ni baraka. Akakataa. Nimerudi Wote bila baraka.

Jumatano, 18 Desemba

Mwaitu ametokea kliniki peke yake, na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Alimwambia Yvonne kwamba anataka zile dawa alizodharau. Yvonne alimpima damu kwanza ili ajue figo zake, akamwambia kwa umri wake atapewa nusu ya kipimo changu, na kwamba vidonge hivyo huwafaa hata wa mbaki. Mwaitu akaniita pembeni akaniuliza kama ni kweli vinaleta ndoto. Nikamwambia kuhusu gauni. Alisema yeye ana marehemu wengi wa kuonana nao, hana hofu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi Matiliku. Nyama, chapati, mvua ya mwisho mwisho. Leo ndiyo siku yake ya kuacha, aliichagua mwenyewe. Alikuwa mkali kwa kila mtu. Alimfukuza mbwa, akaikosoa chapati ya kila mkwe. Aliota baba yangu amekuja kudai shati. Nilimwambia nitalishona, nikampa embe ashike mkononi.

Kidole changu cha pili kimepata joto kidogo. Nimekigusa mara nyingi leo, nikiogopa kusema.

Ijumaa, 3 Januari

Mwaitu amepiga simu. Jana kulikuwa na mazishi kwa jirani, rafiki yake wa tangu ujana alimpokea kwa kikopo wazi mbele ya watu, na mkono wake ukaenda kabla yake. Aliweka kidogo chini ya mdomo, akasema haikuwa na ladha, akaitema. Lakini iliingia. Kwa hiyo tarehe tisa hatanibariki, nisimbembeleze.

"Nitakuja na wewe Machakos," alisema. "Lakini mdomo wangu bado haujawa safi, mwana wakwa. Sitakudanganya."

Nilitaka kusema haidhuru. Nikakumbuka jinsi mimi mwenyewe nilivyoumia bila kuaminiwa, nikamwambia namwamini.

Jumatatu, 6 Januari

Shule zimefunguliwa. Asubuhi nilisimama mlangoni nikaona sare zangu zikipita, kijani, bluu, hudhurungi. Kaptura moja ilikuwa na zipu upande usiofaa. Ni ile ya siku ya mkasi.

Alhamisi, 9 Januari

Machakos. Daktari wa upasuaji ni mtu wa maneno machache. Aliupima mguu kwa kifaa cha kusikiliza damu, akasoma barua ya Yvonne, akauliza sigara niliacha lini, na mbaki je. Nikamjibu yote mawili. Mwaitu, aliyekuwa ameketi pembeni, akamwambia daktari kwamba hilo la mbaki ni lake. Daktari akamwangalia, akaandika.

Atanipasua kesho asubuhi. Hakuahidi. Alisema akifungua ndipo ataona damu inafika wapi.

Naogopa. Nimejisifu sana katika kurasa hizi, na bado ninajiamini, lakini naogopa.

Jumapili, 12 Januari

Kidole kimoja. Kile cheusi tu. Damu ilikuwa inafika vizuri kwenye kile cha pili, na daktari akasema ningeendelea kupaka mwezi mmoja mwingine tusingekuwa tunazungumza habari za vidole. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kanyiva aliinua shuka akahesabu vilivyobaki, halafu akauliza kama bei ya soksi itashuka.

Jumatano, 22 Januari

Naruhusiwa kukanyaga cherehani taratibu. Kanyiva alitaka tununue mota ya umeme. Nikamwambia umeme wa Wote na mvua ya Wote hawaelewani.

Jumamosi, 1 Februari

Mwaitu alifika dukani mapema, kabla sijamaliza chai. Alikuwa amepitia kliniki kwanza. Alikataa kiti. Aliuliza kama nimemeza kidonge, nikasema ndiyo. Akasema na yeye amemeza, na tangu yale mazishi hajaweka kitu chini ya mdomo. Wateja wawili walikuwa wakisubiri kupimwa, mama na binti yake, wakataka kutoka ili watupishe. Mwaitu akawaambia wakae, jambo hili si la kufichwa.

Akaomba maji kwenye kikombe. Akanivua kiatu na soksi yeye mwenyewe, kwa vidole vyake vigumu, akakiangalia kidonda kilichofunga vizuri. Halafu akachukua maji mdomoni, akayazungusha, akayapuliza kifuani pangu, akachukua mengine akayapuliza juu ya mguu. Yalikuwa baridi. "Ngai akuathime," alisema kwa Kikamba chetu, Mungu akubariki, na akataja jina la baba yangu, na la babu yangu, na akauambia mguu wangu utembee.

Nilimshika kichwa kile kilichofungwa kitambaa cha kanisani nikalia kwa sauti, mbele ya mke wangu na wale wateja wawili, na sikujifuta. Mwaitu aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akamgeukia yule binti akamwambia asogee apimwe, fundi yuko.